Kusoma kwa wakubwa na nyumba za dini katika Lubumbashi

Katika Lubumbashi, watu wawili wakianza kujuana, ulizo linalokuja upesi ni hili: «Unasali wapi?» Ulizo lenyewe si baya. Lakini likiulizwa mlangoni pa shule ya wakubwa, linaweza kumrudisha nyumbani mama aliyekuja tu kujifunza kuandika jina lake. Tutazame basi mambo haya yalitoka wapi.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Mwaka ule ule Wabenedikto walifika Katanga. Wametodisti nao wakaja. Union Minière iliita watu wa kazi toka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, hata Rwanda na Burundi, na shule za kambi zake ikazikabidhi kwa mapadri. Hivi kitabu na ubatizo vilitembea njia moja. Mkubwa aliyetaka kujua kusoma, mara nyingi alipitia kwanza mafundisho ya dini, na kila misioni ilichunga watu wake.

Na Simon Kimbangu? Alihukumiwa mwaka 1921, akaletwa kufungwa hapa hapa, akafa kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Lakini Kanisa lake lilikubaliwa na Serikali mwaka 1959. Na tarehe 26 Februari 1977, lilitia sahihi pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti mapatano ya kuendesha shule ambazo Serikali ilikuwa imezichukua mwaka 1974. Waislamu nao waliingia baadaye. Basi wale waliofungiana milango waliweza kuketi pa meza moja.

Tena, kuna kitu ambacho misioni zilitumia pamoja hata bila kupatana: Kiswahili. Kitabu, kalamu, hesabu, mwalimu, hata neno dini, yote yana shina la Kiarabu. Lugha hii ilifika bara katika karne ya 19 na misafara ya wachuuzi, wengi wao Waislamu. Padri na mchungaji walifundisha kwa maneno hayo hayo, wala hakuna aliyeyabatiza upya.

Leo Katiba ya mwaka 2006, kifungu 44, inasema kwamba kumaliza hali ya kutojua kusoma ni wajibu wa taifa. Kifungu 45 kinakataza kumfungia mtu shule kwa sababu ya dini yake. Lakini Katiba haishiki chaki. Sisi walimu ndio tunaishika. Mara nyingi chumba ni cha kanisa fulani, nacho kinakopeshwa kwa wakubwa mangaribi. Mwenye chumba aheshimiwe, lakini asidai ubatizo kuwa malipo ya alfabeti. Masomo yatoke katika mambo ambayo wote wanayo: barua ya mtoto aliye mbali, bei ya unga sokoni, karatasi ya dawa. Akiisha kujua kusoma, kila mutu atafungua mwenyewe Biblia yake ao Kurani yake.