Sikukuu za Pamoja za Waislamu na Wakristo: Afrika Mashariki na Katy, Texas

Sikukuu za pamoja ni desturi ya Waislamu na Wakristo kualikana, kutembeleana, kupeana mkono na kupelekeana chakula siku za Idi, Maulidi, Krismasi na Pasaka, kila mmoja akibaki na ibada yake. Makala hii inaitazama desturi hiyo Afrika Mashariki, kisha inaifuata hadi Katy, mji ulio magharibi ya Houston katika jimbo la Texas nchini Marekani. Eneo la Houston lina Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi, wakichanganyika na watu wa mataifa mengine chungu nzima. Nyumbani mtu hushiriki sikukuu ya mwenzake kwa kuwa ni jirani yake. Katy hushiriki kwa kuwa amealikwa. Tofauti hiyo imeletwa na mambo ya kawaida kabisa: nani amechinja, nani ana mapumziko, na nyumba ziko umbali gani.

Afrika Mashariki

Sheria ya Tanzania inazitambua sikukuu za pande zote mbili. Idd el Fitr ina siku mbili za mapumziko, Idd el Hajj na Maulidi zina siku zake, na vivyo hivyo Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na siku inayoifuata. Kenya nayo imeiweka Idd ul-Fitr miongoni mwa sikukuu za taifa. Kwa hiyo usiku wa kuandama kwa mwezi, karani Mkristo wa Kariakoo naye yuko macho karibu na redio, maana hajui kama kesho ni kazini au ni Idi. Baraza la Idi linaloandaliwa na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania lililoundwa mwaka 1968, huhudhuriwa na viongozi wa serikali wa dini zote, na futari za Ikulu huwakalisha maaskofu na masheikh meza moja.

Hayo ni ya wakubwa. Ya mtaani ni sahani. Baada ya swala ya Idi mtoto hutumwa nyumba ya pili na sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kawa, kachumbari pembeni, pengine na bakuli la kaimati. Mtoto wa nyumba ile, jina lake Petro au Neema, keshavaa nguo mpya na yumo katika msafara wa wenzake wanaobisha hodi mlango hadi mlango wakidai sikukuu, yaani sarafu au noti ndogo. Kwa desturi ya pwani sahani ya jirani hairudi tupu. Hukaa kabatini mpaka nyumba iliyopokea ipike kitu cha maana, na mwaka ambao sikukuu zimekaribiana hurudi na wali wa Krismasi.

Kinachoiruhusu sahani hiyo kurudi ni kisu. Nyumba ya Kikristo yenye majirani au wakwe Waislamu humwita Mwislamu aje amchinje mbuzi au kuku wa Krismasi, na sufuria iliyowahi kupikiwa kitimoto haiguswi siku hiyo. Jambo hili halijadiliwi. Mwenye nyumba humwambia mgeni pale mlangoni, "Amechinja Mzee Saidi," na mgeni ananawa. Katika koo zilizochanganyika, ambazo ni za kawaida Tanga, Upare, Tabora na Ujiji, mchinjaji huwa mjomba au shemeji wa nyumba hiyo hiyo.

Ndiyo sababu magomvi makali yamezuka buchani. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa Dar es Salaam. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ubishi wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza uligeuka ghasia na mchungaji mmoja akauawa. Anayeyasifu maelewano ya dini hizi mbili bila kutaja kisu anatoa hotuba tu.

Visiwani kuna ushahidi wa zamani zaidi. Jiwe la msingi la kanisa kuu la Waanglikana la Mkunazini, Unguja, liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache baada ya soko la watumwa lililokuwa mahali hapo kufungwa. Saa ya mnara wake hutajwa kuwa zawadi ya Sultani Barghash bin Said, Mwislamu na mtawala wa nchi.

Kuna nyakati ambapo kushiriki sikukuu ya mwenzako kulimaanisha kumfikisha hai. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki ya Kenya, lilitekwa na wapiganaji wa Al-Shabaab karibu na El Wak. Mwaka mmoja kabla, watu 28 walikuwa wameuawa katika kaunti hiyo baada ya kutenganishwa na abiria Waislamu. Wengi wao walikuwa wakienda likizo ya Krismasi. Safari hii Waislamu walikataa kutenganishwa, na wanawake wakawafunika wenzao Wakristo kwa mitandio yao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo, akafariki Januari 2016.

Maoni ya wanazuoni

Waislamu hawana kauli moja. Ibn Taymiyya katika karne za kati, na Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia katika karne ya 20, walikataza kushiriki au hata kupongeza. Yusuf al-Qaradawi aliruhusu pongezi kwa wasioupiga vita Uislamu. Hoja ya chakula ina msingi wake katika Suratul Maidah, aya ya 5, inayohalalisha chakula cha watu wa Kitabu, ingawa fasiri zake zinatofautiana. Upande wa Kanisa Katoliki, tamko la Nostra Aetate la 28 Oktoba 1965 lilifungua mlango, na tangu 1967 Vatikani hupeleka kwa Waislamu salamu za mwisho wa Ramadhani. Baadhi ya makanisa ya walokole yanakataza nyama ya Idi kwa kuiona kama kafara. Mitaani wengi husikiliza mawaidha haya kwa adabu, kisha wanakwenda kula.

Desturi hii haipo Uswahilini peke yake. Senegal, Wakatoliki huwapelekea jirani zao Waislamu ngalakh, uji mtamu wa mtama, karanga na ubuyu, wakati wa Ijumaa Kuu, na siku ya Idi ya kuchinja hupelekewa nyama ya kondoo. Lebanon imeifanya tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari, kuwa ya taifa kwa dini zote mbili tangu 2010.

Katy

Katy ilianza kama kituo cha reli ya Missouri–Kansas–Texas na kwa miaka mingi ilijulikana kwa mashamba ya mpunga. Leo mashamba mengi yamekuwa vitongoji vya nyumba zinazofanana, na wilaya yake ya shule ina wanafunzi zaidi ya 90,000. Familia nyingi zimehamia kwa ajili ya shule hizo.

Mji huu uliingia katika habari za Marekani mwaka 2006 kwa kisa kisichopendeza. Jumuiya ya Waislamu wa Katy ilinunua kiwanja cha ekari 11 barabara ya Baker ili kujenga msikiti. Jirani mmoja aliyeudhika alianza kuendesha mashindano ya mbio za nguruwe jioni za Ijumaa, mwishoni mwa Desemba, siku zile zile Krismasi na Idi ya kuchinja zilipokuwa zimeachana kwa siku tano au sita tu. Watu walikuja kutazama, na vyombo vya habari vikaja kuwatazama watu. Waislamu walijibu kuwa hawamchukii nguruwe, hawamli tu. Hapo kampeni ilipoteza shabaha yake, maana adui aliyekusudiwa hakuumia. Msikiti ulijengwa.

Miaka kumi na moja baadaye Idi iligongana na maafa. Kimbunga Harvey kilimwaga mvua Houston kuanzia 25 Agosti 2017, bwawa la Barker likajaa, na vitongoji vya Katy vilivyo juu yake vikaingiwa na maji. Misikiti ya Islamic Society of Greater Houston ilifunguliwa usiku na mchana kupokea waliokimbia, wa dini yoyote. Idi ya kuchinja ilikuwa 1 Septemba. Katika nyumba nyingi siku hiyo ilitumika kubomoa kuta zilizolowa na kutoa mazulia nje, na waliokuja kusaidia hawakuulizwa wanasali wapi.

Siku za kawaida mambo ni mengine. Idi si mapumziko ya taifa Marekani, wakati Krismasi imekuwa hivyo tangu 1870. Sheria ya Texas inazitaka shule zimruhusu mwanafunzi kukosa masomo kwa siku takatifu ya dini yake, lakini mzazi lazima aandike barua, na mtihani utamsubiri. Kwa hiyo swala husaliwa siku yake na karamu ikasogezwa Jumamosi. Mwezi nao umepoteza makali: Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilikubali hesabu za kinajimu mwaka 2006, na Mkristo anayefanya kazi hospitalini anaweza kuambiwa tarehe ya Idi mapema akaomba ruhusa. Wanaosubiri mwezi wa macho bado wapo, na mwenyeji wa namna hiyo humwambia mgeni wake aje ama siku hii ama ile, jambo ambalo kwa Mmarekani mwenye shajara ni adhabu.

Sahani na kawa hazionekani. Chakula huja katika treya za foili, kikiwa ndani ya gari, kwa sababu nyumba ya rafiki iko mwendo wa dakika arobaini barabarani. Treya hutupwa, kwa hiyo hakuna deni la kurudisha chombo. Naona hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote: chombo cha jirani kilikuwa kinakulazimisha kurudi. Watoto nao hawabishi hodi siku ya Idi. Siku pekee ambayo watoto wa Texas huzunguka milango wakidai vitu vitamu ni 31 Oktoba, Halloween, na hiyo ndiyo wazazi Waislamu na wazazi walokole huikataa kwa sauti moja. Ni miongoni mwa mambo machache ya sikukuu ambayo hawajawahi kubishania.

Swali la kisu limehamia kwenye kuuliza. Mwenyeji Mkristo hana Mzee Saidi, hivyo hununua mbuzi kwenye duka la nyama halali na kumtajia mgeni jina la duka. Yapo mengine ambayo hayakuwahi kumsumbua mtu Tanga. Krismasi ya Texas ina tamales, unga wa mahindi uliofungwa katika maganda ya mahindi, na kwa asili hujazwa nyama ya nguruwe na kukandwa kwa mafuta yake. Pipi laini za watoto zina jelatini. Mgeni anayejua hula wali na kuku, mwenyeji anayejua huweka vibandiko mezani, na hakuna anayeona haya kuuliza. Katika hili Katy imeizidi pwani, ambako mtu anaweza kukaa na njaa kwa heshima.

Chakula kilichovuka mipaka kirahisi zaidi ni samaki. Ijumaa za Kwaresima parokia nyingi za Kikatoliki za Texas hukaanga samaki na kuwauzia wote wanaokuja, na samaki hahitaji mchinjaji. Ramadhani ilipoanza kuingiliana na Kwaresima, mwaka 2022, mlo huo ukawa futari isiyokusudiwa. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na Ramadhani ikaanza siku hiyo hiyo au kesho yake. Tatizo ni saa. Zikisogezwa mbele mwezi Machi, magharibi ya Katy huingia karibu saa moja na nusu jioni, na meza za parokia zinakaribia kukunjwa. Anayefunga huchukua samaki wake akaenda kufuturu nyumbani. Kamba wa mto ndio huleta ubishi, lakini baina ya Waislamu wenyewe: Waswahili, ambao ni Washafii, huwala bila shaka, na jirani zao Wahanafi kutoka Pakistani na India wengi hujizuia.

Ipo pia sikukuu isiyo ya dini yoyote kati ya hizi mbili. Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, imekuwa karamu nyepesi kuliko zote kwa familia zilizochanganyika: bata mzinga halali, pilau na chapati, hakuna swali la imani. Sherehe za Uhuru wa Tanzania Bara tarehe 9 Desemba na Jamhuri ya Kenya tarehe 12 Desemba nazo hufanya kazi hiyo hiyo kabla ya Krismasi. Kaskazini, katika eneo la Dallas na Fort Worth lenye wakimbizi wengi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili, mikutano ya dini mbalimbali ina hata uwanja wake, Thanks-Giving Square, katikati ya jiji la Dallas.

Taasisi zimeshika nafasi iliyokuwa ya mtaa. Misikiti huandaa futari za wazi kwa majirani, na meya wa Houston hukaribishwa katika futari kubwa ya kila mwaka. Faida yake ni kwamba mtu anayemwogopa Mwislamu anaweza kuketi naye kwa saa mbili. Hasara ni kwamba asiye kwenye orodha hali, na wanaofika ni wale wale ambao hawakuhitaji kushawishiwa.

Kalenda ya mwezi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo sikukuu hizi hukutana kwa zamu. Krismasi za 1998, 1999 na 2000 zilikuwa ndani ya Ramadhani. Kwa hesabu za kinajimu, mwaka 2030 utakuwa na mianzo miwili ya Ramadhani, Januari na tena mara baada ya Krismasi, na Krismasi ya 2031 itaangukia ndani ya mfungo. Anayetaka kuwaalika Waislamu siku hiyo ajue mapema kwamba jua la Katy mwishoni mwa Desemba huzama karibu saa kumi na moja na nusu jioni, na la Dar es Salaam saa kumi na mbili na nusu na ushei.