Daftari au kompyuta? Tuulize historia

Hapa Mai Mahiu ninaandika kumbukumbu zangu kwa daftari na kwa faili la kompyuta. Ipi bora?

Gakaara wa Wanjau, aliyekamatwa Oktoba 1952, aliandika shajara kizuizini. Ilichapishwa 1983, ikashinda Tuzo ya Noma 1984. Karatasi haidai umeme wala nywila.

Lakini nakala moja ni hatari. Mwaka 1978, Ngugi wa Thiong'o aliandika riwaya kwenye karatasi za chooni gerezani Kamiti. Askari waliinyakua, bahati nzuri ilirudishwa.

Maji hayarudishi. Alfajiri ya 29 Aprili 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 hapa kwetu na kufagia nyumba.

Basi mimi mchana naandika kwa kalamu, jioni nanakili kwenye kompyuta, na nakala ya tatu inakaa mbali na bonde hili. Wewe je?