Masharti ya Kuomba Kazi za TEHAMA kwa Waliokaa Muda Mrefu Bila Ajira

Nafasi za Serikali ya Tanzania katika huduma za kiufundi za TEHAMA, zikiwemo ukarabati wa kompyuta, uunganishaji wa mitandao na usaidizi kwa watumiaji wa mifumo, hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi hutumwa kupitia mfumo wa Ajira Portal.

Kwa kawaida, mwombaji hutakiwa kuwa raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyeko kazini Serikalini. Huambatisha vyeti vya masomo, cheti cha kuzaliwa na maelezo binafsi yenye wadhamini 3. Hati za matokeo ya muda hazikubaliwi.

Masharti hayo ya jumla hayataji muda ambao mtu amekaa bila kazi, bali yanataja umri. Hivyo, anayechelewa kufuatilia cheti chake chuoni anaweza kupoteza sifa ya kuomba.

Aliyejifunza ufundi mtaani anashauriwa kuuliza katika chuo cha VETA kilicho karibu kuhusu kozi fupi na urasimishaji wa ujuzi. Aendelee pia kufanya mazoezi, kwa kuwa usaili unaweza kuhusisha mchujo, vitendo na mahojiano.