Penzi la Petrarch lilivyotia nanga Malindi

Muyeye na mitaa mingine ya Malindi inakotoka sehemu kubwa ya wapishi, madereva na wahudumu wa hoteli, Kiitaliano hakimshangazi mtu. Wengi wamekiokota kazini bila kukanyaga darasa. Ukiuliza kilifikaje, utaambiwa kimeletwa na watalii. Wenye kumbukumbu ndefu watakutajia San Marco, kituo cha Waitaliano pale Ngomeni, kilichorusha setilaiti yake ya kwanza kutoka baharini mwaka 1967. Ni kweli. Ila ushairi wa mapenzi wa Italia ulikuwa umekwisha kuifikia Malindi karibu karne nne kabla ya hapo, ukipitia Ureno, na ulisaidia kulipeleka jina la mji huu hadi kwenye vitabu vya Waingereza.

Soneti, shairi la mishororo 14, ilizaliwa Sicily katika karne ya 13, kwenye baraza la Mfalme Frederick II. Francesco Petrarch (1304–1374) ndiye aliyeieneza. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwona Laura, mwanamke aliyemtungia mashairi, kwa mara ya kwanza kanisani huko Avignon, tarehe 6 Aprili 1327. Laura hakuwa wake kamwe. Kilichobaki ni diwani ya mashairi 366, na kwa ubishi wangu, angempata tusingekuwa nayo.

Mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer, aliyetumwa Genoa na Florence mwaka 1372, alichukua soneti moja ya Petrarch, akaivunja kuwa beti tatu za mishororo saba na kuitia ndani ya utenzi wake wa Troilus, bila kumtaja mwenye mali. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Thomas Wyatt na mwenzake Surrey walileta Uingereza soneti nzima. Surrey akabadilisha mpangilio wa vina, na mpangilio huo ndio Shakespeare aliotumia katika soneti zake 154 zilizochapishwa mwaka 1609.

Ureno nako Petrarch alikuwa na mwanafunzi, Luís de Camões. Alitunga soneti za mapenzi kwa mtindo huohuo, kisha mwaka 1572 akachapisha utenzi mrefu wa safari ya Vasco da Gama, *Os Lusíadas*, kwa beti za mishororo minane alizoziazima kwa Waitaliano. Hapo ndipo Malindi inapoingia.

Da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498. Shajara ya safari hiyo inaeleza kwamba hakushuka pwani: yeye na mtawala wa mji walikutana wakiwa kwenye mashua. Alichokuwa akikihitaji ni rubani wa kumvusha hadi India, akampata. Camões alilichukua tukio hilo dogo la kibiashara akalifanya baraza. Mfalme wa Malindi anamwomba mgeni amsimulie nchi yake, na da Gama anasimulia kwa sehemu tatu kati ya kumi za utenzi. Katikati ya vita na majina ya wafalme, anafika kwa Inês de Castro, mpenzi wa mwana mfalme Pedro, aliyeuawa mwaka 1355 kwa amri ya baba yake Pedro. Kisa cha mapenzi kinachojulikana kuliko vyote Ureno, na anayekisikiliza ni Mswahili wa Malindi!

Tusifurahi kupita kiasi. Mfalme huyo amepambwa kwa ukarimu kwa sababu Malindi ilishikana na Wareno, huku Mombasa iliyowapinga ikipakwa hila. Isitoshe, kazi yake kubwa ni kusikiliza. Camões hakumpa nafasi ya kujibu kwa kisa chake, wala kuwaita malenga wa mji.

Richard Fanshawe aliufasiri utenzi huo kwa Kiingereza mwaka 1655. Miaka 12 baadaye John Milton, ambaye ujanani alitunga soneti za mapenzi kwa Kiitaliano chenyewe, aliitaja Malindi katika *Paradise Lost*, pamoja na Mombasa, Kilwa na Sofala, kati ya falme ambazo Adamu anaonyeshwa na malaika akiwa juu ya kilima. Wapo wahakiki wanaosema Milton alikuwa amemsoma Fanshawe.

Sifa ya Camões ilizidi kukua. Elizabeth Barrett Browning alipotaka kuficha soneti alizomtungia mumewe, mwaka 1850 alizitoa kwa jina linalodai zimetoka kwa Kireno. Hazikuwa tafsiri ya chochote.

Kisha akaja msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeizuru Zanzibar na Mombasa mwaka 1857. Alipokuwa balozi mdogo huko Trieste, mji wa wasemao Kiitaliano, alitoa tafsiri yake ya *Os Lusíadas* mwaka 1880, na ya soneti za Camões mwaka 1884. Kati ya wafasiri hawa ni yeye aliyeijua pwani hii kwa macho, lakini Kiingereza chake kimejaa maneno yaliyokwisha kufa hata siku zake. Kwa kisa cha Inês, ningemfuata Fanshawe.