Padri, profesa na ugomvi ulioiangusha Volapük

Agosti 2024 wasemaji wa Kiesperanto walikutana Arusha katika kongamano lao la dunia la 109, la kwanza kufanyika barani Afrika. Lugha hiyo ilitolewa na mtu mmoja, L. L. Zamenhof, mwaka 1887. Lakini si lugha ya kubuni ya kwanza kuvuma. Ilitanguliwa na Volapük, ambayo leo wachache wanaikumbuka.

Volapük ilibuniwa na Johann Martin Schleyer, padri Mkatoliki wa Litzelstetten, karibu na Konstanz, kusini mwa Ujerumani. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia usiku wa Machi 1879 akiwa hana usingizi, nalo lilitoka kwa Mungu. Tuyakumbuke maneno hayo.

Kwa ufundi, padri hakuwa mtu wa kubeza. Viwakilishi vyake vyote vya nafsi alivianzisha kwa irabu moja: ob ni mimi, ol ni wewe, om ni yeye mwanamume, of ni yeye mwanamke. Ukitaka wingi, ongeza s: obs, sisi. Kiwakilishi hubandikwa mwishoni mwa kitenzi, kinyume cha Kiswahili: löfob, napenda. Njeo nayo hubadilishwa kwa irabu ya mwanzo: elöfob, nimependa, olöfob, nitapenda. Hata nomino ziligeuzwa kwa irabu: dom ni nyumba, doma ni ya nyumba. Sauti ya r aliikwepa kwa kuwafikiria Wachina, kisha akaijaza lugha ä, ö na ü za Kijerumani. Magazeti ya Uingereza na Marekani yalizifanyia mzaha.

Hata hivyo ilienea kwa kasi. Kufikia 1889 zilitajwa klabu 283 na majarida 25. Makongamano ya Friedrichshafen, 1884, na Munich, 1887, yaliendeshwa kwa Kijerumani. La Paris, 1889, liliendeshwa kwa Volapük yenyewe. Inasimuliwa kwamba hata wahudumu wa mezani waliizungumza.

Kumbe kilele hicho ndicho kilichokuwa mwanzo wa mporomoko. Mkuu wa akademia ya lugha hiyo, iliyoundwa Munich, alikuwa Auguste Kerckhoffs, profesa Mholanzi aliyefundisha Paris na mtaalamu wa maandishi ya siri. Yeye alitaka lugha ya wafanyabiashara: sarufi ipunguzwe, maumbo yasiyo na kazi yaondolewe. Schleyer alitaka lugha iwezayo kubeba kila kivuli cha maana. Hoja ya sarufi ikageuka hoja ya madaraka. Akademia ilisema wengi waamue. Padri akasema lugha ni mali yake, neno la mwisho ni lake. Na mtu aliyeamini kuwa amepewa na Mungu angekubalije kupigiwa kura?

Kerckhoffs alijiuzulu 1891. Schleyer akaunda akademia yake. Ile ya zamani iliendelea kurekebisha mpaka ikatoa lugha nyingine kabisa, Idiom Neutral, mwaka 1902. Klabu zikafungwa moja baada ya nyingine, na padri akafariki 1912. Mholanzi Arie de Jong aliifufua kwa marekebisho ya 1931, lakini umma ulikuwa umeshahamia Kiesperanto.

Mwanasosholojia Roberto Garvía, katika kitabu chake cha 2015 kuhusu lugha hizi, anaeleza kwamba ubora wa sarufi sio ulioamua mshindi. Nakubaliana naye. Zamenhof aliachia umiliki tangu kitabu chake cha kwanza. Mwaka 1894 alipopendekeza mageuzi makubwa, wasomaji wa jarida la Kiesperanto walipiga kura ya kuyakataa, naye akatii. Leo wasemaji wenyewe, si mrithi wake, ndio wanaobishania kiwakilishi ri, cha mtu asiyetajwa jinsia, jambo ambalo Kiswahili kimelimaliza zamani kwa yeye.

Wanaosanifu istilahi za Kiswahili maofisini nao wakisome kisa hiki. Neno likikataliwa sokoni, darasani na redioni, walitazame upya. Lugha humfuata anayeisema.