Urefu wa Ziwa Rukwa: Je, Namba Ndiyo Kweli Yenyewe?

Washairi tumezoea kuhesabu. Kabla hatujauonja utamu wa ubeti, twaulizwa mizani yake ni mingapi. Neno lenyewe tumelichukua sokoni, kwa kuwa mizani ni chombo cha kupimia uzito. Kwa hiyo swali linalowashughulisha wanafalsafa, kwamba je, namba zaweza kweli kuuwakilisha ulimwengu, si geni kwetu. Katika makala haya nalichunguza kwa historia ya Ziwa Rukwa, lililo mashariki ya uwanda wa juu wa Ufipa.

Ufipa imekaa katikati ya maziwa mawili. Magharibi ni Tanganyika, ambalo kina chake hufikia mita 1,470 hivi. Mashariki, ukitoka Sumbawanga, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, hufika ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na bonde la Rukwa huonekana mbali chini yako, karibu mita 1,000. Msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alilifikia ziwa hilo mwaka 1880, akalipa jina la Leopold. Jina hilo halikudumu. Wala vipimo havikudumu.

Mwaka 1929 ziwa lilihesabiwa kuwa na urefu wa kilomita 50 hivi. Mwaka 1939, miaka 10 tu baadaye, lilikuwa na urefu wa kilomita 128 na upana wa kilomita 40. Maandishi ya karibuni hutaja urefu wa kilomita 180. Asiyelijua bonde atadhani kwamba mmoja wa wapimaji alisinzia kazini. La hasha! Rukwa halina mto wa kuyatoa maji yake. Momba, Songwe na mito mingine huyaingiza. Jua huyaondoa kwa mvuke. Tena sakafu yake ni tambarare na maji yake ni haba kwa kina, hivyo yakipanda kidogo tu, hutambaa mbali juu ya nchi kavu.

Basi urefu wa Rukwa ni upi? Galileo aliandika mwaka 1623 kwamba kitabu cha maumbile kimeandikwa kwa lugha ya hisabati. Mbele ya Rukwa, mtu aweza kumjibu kwamba kitabu hicho hufutwa na kuandikwa upya kila masika. Hata ukingo wa kupimia ni wa mjadala: ziwa laishia penye maji ya wazi, au penye matete, au penye tope lililokauka juzi? Kabla namba haijatamkwa, mwanadamu amekwisha kuamua aanzie wapi na akomee wapi.

Na jambo hili lina uzito kwa maisha ya watu. Aliyeisoma namba ya mwaka 1929 kana kwamba ni sifa ya kudumu ya ziwa, kama weusi ulivyo sifa ya kunguru, angeliona eneo kubwa la bonde kuwa ardhi ya kulima, kulisha ng'ombe na kujenga. Miaka 10 baadaye sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa makao ya samaki. Namba ilikuwa ya kweli; aliyeisoma ndiye aliyeivua tarehe yake.

Hata hivyo siungani na wanaosema kwamba namba ni uzushi wa binadamu tu. Mzee wa bonde akisema, "Ziwa limekuja," asema kweli. Lakini ni tarakimu za mwaka 1929 na 1939 zinazotujulisha kwamba lilikuja kwa kilomita 78. Zaidi ya hayo, ipo hesabu moja ambayo haikubadilika katika miaka hiyo yote: maji yaingiayo, ukiondoa yatokayo kwa mvuke, ni sawa na maji yaliyoongezeka au kupungua ziwani. Urefu hubadilika, uhusiano huo haubadiliki, nao ndio unaoeleza kwa nini urefu hubadilika. Hapo, naamini, ndipo hisabati inapoukaribia uhalisi: katika uhusiano wa vitu, kuliko katika tarakimu moja iliyobandikwa kwenye ramani.

Malenga huujua ukweli huu kwa njia ya sanaa yake. Mshororo wa mizani 16, wanane katika ukwapi na wanane katika utao, waweza kuwa mtupu kama debe. Hesabu yake ni sahihi, lakini haikuulizwa kama mshororo una maana. Iliulizwa idadi ya silabi, ikajibu. Wala hatuitupi mizani kwa sababu hiyo, maana ndiyo inayoshika uwiano wa kipande na kipande, mshororo na mshororo, hata sikio likatulia.

Jina la Sumbawanga hufasiriwa na wengi kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Nadhani namba nayo yataka kuvuliwa uchawi tuliouvika: ile imani kwamba ikishatamkwa, mjadala umekwisha. Ukiambiwa urefu wa Rukwa, uliza ulipimwa mwaka gani, kutoka ukingo upi, na baada ya mvua zipi.