Nani Kaiita?

Mie nina riwaya nimeianza, ya watu waliovuka bahari kutoka Pemba kwenda Shimoni, Kenya. Tarehe 27 Januari 2001 waandamanaji wa upinzani walipigwa risasi Wete, Micheweni na kwengineko. Human Rights Watch waliandika kuwa waliouawa hawakupungua 35, na watu wapatao 2,000 wakakimbia. Mama alikuwemo, mie mgongoni mwake. Basi usiku mmoja nikatafuta kwenye simu video ya mambo yale. Moja tu, wallahi.

Asubuhi mama akaomba simu asikilize Kurani, kama ada yake. Sura ilipokwisha, programu ile ya video ikamletea yenyewe risasi na mayowe. Hakulia. Aliigeuza simu kifudifudi juu ya jamvi.

"Mwanangu, hii nani kaiita?"

"Mashine, mama."

"Imejuaje?"

Swali hilo limenishughulisha kuliko riwaya yenyewe. Maana kuchaguliwa cha kutazama si jambo geni kwetu. Televisheni ya Zanzibar ilianza 1973, tena ya rangi, bara wakangoja mpaka 1994. Mchaguzi alikuwa mmoja: serikali. Wazee hapa Chake Chake huhadithia walivyojazana kwa jirani mwenye seti. Ikija hotuba ndefu, wengine hutoka nje kupiga soga mpaka ishe. Walichukia, lakini walimjua wa kumchukia. Na hotuba ile iliwafika wote, hakuna aliyedhani kaletewa yeye.

Umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga ukaja 2010, kisha simu za intaneti zikaenea, na mchaguzi akapotea machoni.

Chukua YouTube, iliyochunguzwa zaidi. Ilianza 2005. Mwaka 2012 ikaacha kutegemea idadi ya waliofungua video, ikatazama zaidi muda waliokaa nayo. Sasa hebu fikiri: aliyekodoa macho kwa hofu na aliyekodoa kwa raha, dakika zao si zilezile? Mwaka 2021 Mozilla walikusanya video ambazo watu wa kujitolea walijuta kuziona. Asilimia 71 zililetwa na mashine. Majuto hayo yalizidi kwa asilimia 60 katika nchi ambazo Kiingereza si lugha kuu. Hee! Mwaka uliofuata wakavipima vitufe vya kukataa. Kile cha kuonyesha hukuipenda video kilizuia asilimia 12 tu ya zisizotakiwa. Kuikataa chaneli nzima, 43.

Barazani kwetu vijana wanasema simu inatusikiliza. Mmoja kasema jini, tukacheka. Mama hakucheka. Yeye aliona imetumwa, na kwa mtu aliyewahi kutafutwa, kitu kinachojua mwanawe alitazama nini jana usiku hakina tofauti na askari mlangoni. Nilimweleza habari za hesabu na dakika. Alinisikiliza kwa upole, kama unavyomsikiliza mtoto anayetetea rafiki mbaya.

Nimefuta kumbukumbu zote za nilichotazama, vitufe nimebonyeza mpaka kidole kimechoka. Kurani sasa anasikiliza redioni. Juzi, baada ya isha, akanambia:

"Ya Shimoni niulize mie. Usiiulize hiyo."

Tumeanza na mashua, ilikuwa ya nani na nauli ilikuwa kiasi gani.